Goti la mama kijana linapovimba: kadi ya bima na safari ya kutoka Milepa

Mama, goti likiuma huku Milepa, wa kwanza kulaumiwa ni jembe. Mara nyingi ni kweli. Lakini maumivu yanayozidi kwa wiki kadhaa, yanayokuamsha usiku, pamoja na uvimbe mgumu karibu na kiungo, yanahitaji picha ya eksirei, hasa kama una miaka 20 hadi 40. Huo ndio umri ambao uvimbe wa seli kubwa wa mfupa hutokea zaidi, mara nyingi karibu na goti.

Kwa kawaida uvimbe huu si saratani, ila unaharibu. Mwilini kuna seli zinazobomoa mfupa wa zamani na nyingine zinazojenga mpya. Uvimbe hutoa ishara inayoita wabomoaji wengi. Wanaungana na kuwa seli kubwa, na mfupa unabaki ganda jembamba. Goti la namna hiyo lisichuliwe. Linaweza kuvunjika.

Na homoni? Estrojeni, homoni ya kike, hupunguza ubomoaji wa mfupa. Baadhi ya uvimbe huu umekutwa na vipokezi vya homoni, na kuna wajawazito ambao uvimbe wao ulikua haraka. Hiyo haithibitishi kwamba mimba au sindano ya uzazi wa mpango ndiyo chanzo, kwa hiyo usiache njia yako kwa hofu. Ila ukiwa mjamzito, usikubali kila maumivu ya goti yaitwe uzito wa mimba. Mpiga picha mwambie una mimba.

Tiba kuu ni upasuaji. Sindano ya denosumabu, iliyoidhinishwa Marekani kwa uvimbe huu mwaka 2013, huzima ile ishara, lakini haifai kwa mjamzito, na ikisimamishwa uvimbe unaweza kukua tena.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ni hatua kubwa, ila kadi hailipi nauli ya kupanda Lyamba lya Mfipa hadi Sumbawanga, kisha pengine Mbeya, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Wala haikai na watoto ulioacha nyumbani. Kwa maoni yetu, mjadala wa bima unapita hapo haraka mno.

Kabla ya kusafiri, omba barua ya rufaa, uliza kadi yako inalipia nini, na ubebe picha zako zote.