Iringa hadi Mbeya kwa Baiskeli: Kilomita 330 Bila Shahidi



Likizo iliyopita mafrateri watatu walinijia kwa nyakati tofauti na swali lile lile: je, mseminari akiomba ruhusa ya kusafiri masafa marefu kwa baiskeli, peke yake, anaomba jambo jema au anatafuta sifa? Waliniuliza mimi kwa sababu wanajua kwamba nikiwa katika mwaka wa kichungaji niliendesha kutoka Iringa mpaka Mbeya. Wote watatu niliwajibu kwamba ni jambo jema, waombe. Sikusema uongo, ila nilitoa nusu ya jibu. Nusu iliyobaki ndiyo hii.

Barabara yenyewe wengi wenu mnaijua kupitia dirisha la basi. Ni takriban kilomita 330, na ukiwa ndani ya basi unalala Ifunda unaamka Igawa. Ukiwa juu ya Phoenix isiyo na gia, begi limefungwa kwenye karia kwa mpira wa tyubu kuukuu, hulali mahali. Nilianza kusukuma pedali Ipogolo alfajiri ya mwezi wa saba, nikapita Tanangozi na Ifunda, na siku ya kwanza ikaishia Mafinga, kilomita 80 hivi tu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Siku ya pili nilipita kando ya misitu ya misonobari ya Sao Hill mpaka Makambako, pale barabara inapokutana na reli ya TAZARA. Siku ya tatu, baada ya Makambako, nikapata zawadi ambayo hakuna anayekusimulia: mteremko mrefu kwenda Igawa. Unatoka mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 na kushuka hadi kwenye mita 1,100 na kitu za tambarare la Usangu. Koti linavuliwa, harufu ya vumbi inageuka kuwa harufu ya mpunga, na mtu anajiona mfalme. Niliimba Salve Regina kwa sauti yote, nikavuruga ng'ombe wa watu.

Kuhusu hatari nitasema machache, kwa kuwa wazazi wanasoma hapa. Barabara ile ndiyo njia ya malori ya kwenda Tunduma, Zambia na Kongo. Lori lenye tela likikupita karibu, upepo wake kwanza unakusukuma, kisha unakuvuta. Honi ndefu nyuma yako si salamu. Ondoka kwenye lami kwanza, uliza baadaye. Na anayesema Mungu atamlinda, afunge pia kioo cha pembeni na reflekta.

Lakini milima na malori siyo yaliyonishinda. Yaliyonishinda ni majioni.

Kule seminarini tunaamshwa na kengele, tunasali kwa kengele, tunakula na kulala kwa kengele. Miaka yote ile nilijihesabu kuwa mtu wa sala. Usiku wa kwanza, kwenye gesti ya Mafinga, nilisali Masifu ya Jioni nikiwa nimekaa kitandani, nusu nimesinzia. Usiku wa pili, Makambako, sikusali kabisa. Nilikula wali maharage kwa mama ntilie, nikaenda kwenye banda la mpira, nikarudi nikashika simu mpaka saa sita. Asubuhi hakuna aliyeniuliza. Mhudumu wa gesti alitaka ufunguo wake tu. Nilipofunga begi nilimkuta Masifu yangu chini kabisa, chini ya soksi, nikagundua kwamba miaka mingi nilikuwa sijui kama ninayesali ni mimi au ni kengele.

Kati ya Igawa na Chimala nikapata pancha. Pampu nilikuwa nayo, ila solusheni ilikuwa imekauka ndani ya kopo. Nilikaa chini ya mti karibu saa nzima. Aliyesimama ni mzee mwenye baiskeli kama yangu, imechakaa mara tatu zaidi, na mfuko wa nailoni kwenye usukani. Aliposikia kwamba mimi ni frateri alicheka kwa furaha, kwani yeye ni katekista na alikuwa anakwenda kigangoni kuwafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Alitoa kiraka, akakwangua tyubu kwa kipande cha msasa, akaziba, akaipima tyubu kwenye maji ya mfereji. Nilimwuliza, "Mwalimu, unakwenda mbali?" Akajibu, "Hapana, Frateri, ni hapo tu." Nilipombana, "hapo tu" ikawa mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kila wiki. Masika, njia ya mashambani ikigeuka tope, yeye ndiye huibeba baiskeli. Pesa ya soda alikataa.

Mzungu akipita Chimala peke yake na mabegi manne kwenye baiskeli tunamwita shujaa na kuomba picha. Wapo pia wanaosafiri kwa makundi: ile safari ya Tour d'Afrique, ya kutoka Cairo hadi Cape Town, ambayo imewahi kupita Iringa na Mbeya, huwa na magari ya kubeba mizigo na wapishi. Sina neno baya juu yao. Ila mwenye safari ndefu ya peke yake kuliko wote niliokutana nao barabarani ni yule mzee, na kilomita zake hazijahesabiwa na mtu yeyote. Katika parokia zetu tunamwonea huruma kwa kukosa pikipiki. Nadhani tunakosea: huruma tuwe nayo, lakini na heshima ianze.

Sasa Inyala. Baada ya Igurusi barabara inaanza kurudisha juu urefu wote uliofurahia kuushuka. Niliendesha, kisha nikasukuma, kisha nikakaa. Fuso lenye magunia ya mchele lilikuwa linapanda polepole kuliko mtu anayetembea. Utingo akanipungia mkono: "Kijana, leta hiyo baiskeli!" Sikufikiri hata sekunde kumi. Ikatupwa juu ya magunia, nami nikapanda juu yake. Uyole nikashushwa, nikajifuta vumbi, nikaendesha kilomita kama kumi zilizobaki kuingia mjini.

Parokiani WAWATA walinipokea kwa vigelegele. Paroko akatangaza: "Frateri amekuja kwa baiskeli kutoka Iringa!" Nikatabasamu. Jumapili, baada ya matangazo, niliombwa niseme neno. Nikasimulia mlima wa Inyala. Nilisimulia hata jasho lake.

Ilikuwa sehemu ndogo tu ya safari, na kupanda lori si dhambi. Gombera wangu, wakati nikiomba ruhusa, alikuwa amenikumbusha kwamba Bwana aliwatuma wanafunzi wawili wawili, si mmoja mmoja. Nami, kwa ujuaji wa kifrateri, nilimjibu kwamba Filipo alitumwa peke yake kwenye njia ya jangwani ya kwenda Gaza. Ni kweli. Naye Filipo alipanda gari la Mwethiopia. Tofauti yetu ni kwamba Luka ameliandika hilo gari.

Gombera alikuwa na hoja, na sasa naielewa vizuri zaidi. Wawili hawakutumwa ili kusaidiana mizigo tu. Kila mmoja alikuwa shahidi wa mwenzake. Anayesafiri peke yake hana wa kumsahihisha anaposimulia. Mnamkumbuka, au hamjawahi kumsikia, Kazimierz Nowak, Mpolandi aliyezunguka Afrika peke yake kuanzia 1931 hadi 1936, kutoka Libya hadi kusini kabisa na kurudi hadi Algeria, karibu kilomita 40,000, akipita Uganda na Rwanda na mara nyingi akilala kwenye misheni. Alimwacha nyumbani mke na watoto wawili, akiwatafutia riziki kwa makala na picha. Baiskeli ilipomshinda alitumia miguu, farasi, mtumbwi na ngamia, na yote hayo aliyaandika waziwazi, pamoja na homa na hamu ya nyumbani. Alifariki Poznań mwaka 1937, hata mwaka haujatimia tangu arudi. Ninachomwonea wivu si kilomita. Ni kule kuandika "hapa nilipanda farasi".

Kwa nini basi bado nasema mseminari apewe ruhusa? Kwa sababu ya nyumba ninayoishi sasa. Kanuni ya 280 ya Sheria ya Kanisa inapendekeza sana kwamba makleri wawe na namna fulani ya maisha ya pamoja, na ni vizuri. Lakini katika parokia nyingi za Nyanda za Juu padri ni mmoja. Mpishi anaondoka saa kumi na mbili, saa moja giza limeshika, na kengele ya pekee iliyopo ni ile unayoigonga mwenyewe. Usiku wangu wa kwanza hapa niliutambua ukimya ule mara moja. Ulikuwa wa Makambako. Nilikuwa nimeshashindwa nao mara moja, kwa hiyo niliijua sura yake na nikakifungua kitabu kabla ya simu. Si kila siku nashinda. Ila ningependa ndugu zangu wakutane nao wakiwa bado na mlezi wa kumrudia na kumweleza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wale watatu. Msipite lami ya malori; kutoka Mafinga shikeni njia ya Sadani na Madibira hadi Rujewa, yenye vumbi na watu. Mpigieni mlezi kila jioni. Laleni angalau usiku mmoja mahali ambapo hakuna anayewajua. Picha zisirushwe mpaka mmerudi, na mkirudi, anzeni kusimulia sehemu mlizoshindwa.

Paroko yule nilimweleza habari za Fuso miaka miwili baadaye, kabla ya ushemasi. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema: mimi umeniambia, waambie na waliopiga vigelegele. Sikuwaambia. Najua baadhi yao huzisoma kurasa hizi kwenye simu baada ya Misa ya pili. Mama zangu wa WAWATA, mlima wa Inyala sikuupanda kwa baiskeli. Niliupanda juu ya magunia ya mchele.