KOPE ZA KUBANDIKA: PENDEZA, LAKINI LINDA JICHO

Mama mpendwa, zamani kope za bandia zilikuwa za maharusi na waimbaji wa jukwaani. Leo zinabandikwa katika saluni za mitaani, na wateja ni akina mama wa kila namna: mwalimu, muuza duka, mama wa nyumbani, mwimba kwaya. Mwezi Septemba 2018 jambo hili lilifika hadi Bungeni Dodoma, pale Spika wa wakati huo, Bwana Job Ndugai, alipowakataza wabunge wenye kope na kucha za bandia kuingia ukumbini.

Ukurasa huu hautaki kurudisha mjadala ule, wala kumhukumu mtu. Mama akiisha kuamua kubandika, au binti yake akiisha kubandika, muuguzi huwa na swali moja tu: je, jicho liko salama?

Kope zina kazi gani?

Kope si pambo tu. Huzuia vumbi na wadudu, na zikiguswa kidogo tu jicho hufumba lenyewe. Pia hupunguza upepo unaopita juu ya jicho ili machozi yasikauke. Mwaka 2015 watafiti wa Georgia Institute of Technology huko Marekani walichunguza aina 22 za wanyama wanaonyonyesha. Waliona kwamba urefu wa kope unaolinda jicho vizuri ni karibu theluthi moja ya upana wa jicho lenyewe. Zikizidi hapo, huanza kuelekeza upepo jichoni na jicho hukauka upesi. Kwa hiyo ukichagua kope, chagua fupi na nyepesi. Zile ndefu kama ufagio huelemea kope zako na kulikausha jicho.

Kila unywele wa kope una majira yake: huota, hukua, hudondoka, na mwingine huota. Ukiona kope chache zimedondoka na ile ya bandia ikiwa imeshikilia, usishtuke. Lakini ukope unaong'olewa kwa nguvu, tena mara kwa mara, huumiza shina lake, na unaweza usiote tena.

Kando ya mashina hayo kuna vitundu vidogo vinavyotoa mafuta ya kulainisha machozi. Vikizibwa na uchafu, jicho huwasha, hukauka na kuota chokea. Kumbuka vitundu hivyo, maana tutavirudia.

Kabla ya kubandika

Kope za bandia ziko za aina mbili kubwa. Ziko za ukanda, ambazo hubandikwa kwa gundi laini na kuvuliwa usiku uleule. Na ziko za unywele mmoja mmoja, ambazo hugandishwa juu ya kope zako na kukaa wiki mbili hadi sita. Hizi za pili ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu gundi yake ni kali, ya jamii ya sayanoakrileti. Baadhi ya gundi hizo hutoa mvuke wa fomaldehidi, kemikali ileile iliyomo katika fomalini ya kuhifadhia maiti.

Kabla ya kulala kitandani kwa msusi, angalia mambo haya:

1. Je, amenawa mikono kwa sabuni? Je, vibanio vyake vimeoshwa na kusafishwa kwa dawa? Je, kiburashi ni kipya au kimetumika kwa mteja aliyekutangulia?

2. Mwombe akuonyeshe chupa ya gundi. Iwe na maandishi, viambato na tarehe ya mwisho ya kutumika. Gundi ya dukani ya kuunganishia viatu na vyombo isikaribie jicho kamwe, hata kama ni rahisi.

3. Omba ajaribu gundi kwanza. Abandike kope chache tu, kisha usubiri siku moja hadi mbili. Kukiwa na kuwashwa au uvimbe, usiendelee. Usiseme, "Mbona mwaka jana sikudhurika?" Mwili unaweza kuipokea gundi mara kadhaa na kuikataa mara nyingine.

4. Kila unywele ugandishwe juu ya ukope wako mmoja, na gundi isiguse ngozi. Macho yafumbwe mwanzo hadi mwisho. Ukisikia yanachoma, sema papo hapo, usivumilie kwa haya.

Wenye chokea, macho mekundu au tongotongo wasubiri wapone kwanza. Aliyefanyiwa upasuaji wa jicho aulize daktari wake. Mjamzito wa miezi ya mwisho asilale chali saa mbili mfululizo, kwa kuwa mtoto hugandamiza mshipa mkubwa wa damu na mama anaweza kuona kizunguzungu.

Swali la mama mmoja

Mama mmoja aliniuliza baada ya semina: "Dada muuguzi, nilipobandika kope niliambiwa nisizitie maji zisije zikabanduka. Sasa ni wiki ya tatu. Kila asubuhi naamka na tongotongo na macho yanawasha. Nifanye nini?"

Swali hili ndilo kiini cha somo letu, maana wengi wanafanya kama mama huyu. Katazo la maji ni la siku ya kwanza tu, gundi inapokauka, yaani takribani saa 24. Baada ya hapo kope zioshwe kila siku. Mama anayeogopa maji hukusanya jasho, poda, mafuta ya ngozi na vumbi kwenye mashina ya kope. Vile vitundu vya mafuta huziba, vijidudu huzaliana, na kingo za macho huvimba. Hapo huanza kujikuna, na kujikuna ndiko kunakong'oa kope. Hivyo yule aliyekwepa maji ili kope zidumu huzipoteza mapema, na ugonjwa juu yake.

Nilimshauri mama yule afike kliniki ya macho atazamwe, kwa kuwa tongotongo la kila siku si jambo la kuoshea nyumbani tu.

Namna ya kuosha

Nawa mikono kwanza. Tumia sabuni ya povu iliyotengenezwa kwa ajili ya kope, isiyo na mafuta. Ukiikosa, shampuu ya mtoto iliyochanganywa na maji mengi inafaa. Fumba macho, pitisha povu taratibu kwa kidole kwenye mashina, kisha suuza kwa maji safi. Usitumie pamba, maana nyuzi zake hunasa. Kausha kwa kitambaa safi bila kusugua, kisha chana kwa kiburashi chako mwenyewe.

Mambo mengine ya nyumbani ni haya. Epuka mafuta ya kupaka machoni na wanja wa mafuta, kwani huyeyusha gundi. Usilale kifudifudi, na badilisha foronya mara kwa mara. Unapochochea moto wa kuni au mkaa, au kufungua oveni, usiinamishe uso karibu, kwa kuwa kope za bandia huungua na kujikunja kwa joto. Usimwazime dada wala binti yako kope au kiburashi. Ukinyonyesha, angalia vidole vya mtoto, maana hupenda kuvuta kila kinachong'aa.

Zikianza kuchakaa usizing'oe kwa kucha. Rudi kwa fundi azitoe kwa dawa yake. Kisha zipe kope zako mapumziko ya wiki kadhaa ili zijijenge upya.

Ukienda hospitali kwa upasuaji, mwambie muuguzi kwamba umebandika kope, maana mgonjwa akilazwa usingizi macho yake hufunikwa kwa plasta. Na zile kope za sumaku zivuliwe kabla ya kuingia katika kipimo cha MRI.

Gundi ikiingia jichoni

Usilazimishe jicho kufunguka, wala usipake dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Mwagia maji safi mengi kwa robo saa au zaidi, kisha nenda hospitali. Chupa ya gundi isiwekwe karibu na dawa za matone ya macho, kwani zinafanana na watu wamekwisha kujidhuru kwa kuzichanganya.

Dalili za kukimbilia hospitali

Nenda siku hiyohiyo ukiona mojawapo ya haya: maumivu ya jicho, kuona ukungu, kuogopa mwanga, usaha, doa jeupe juu ya kioo cha jicho, au uvimbe unaofunga jicho.

Hapa nataka kusema kwa msisitizo. Usitie jichoni maziwa ya mama, mkojo, majani yaliyopondwa wala chai. Usinunue matone ya macho kwa kukisia, wala kuazima ya jirani. Baadhi yana deksamethasoni, dawa inayoondoa wekundu upesi huku ikiuacha ugonjwa ule ndani. Mama hufurahi kwamba jicho limekuwa jeupe, kumbe kidonda kinaendelea. Kidonda kwenye kioo cha jicho huacha kovu, na kovu likiwa katikati huzuia kuona. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Akina mama wapenzi, kope zikidondoka zitaota nyingine, na za bandia zitanunuliwa nyingine. Jicho likiharibika hakuna duka linaloliuza. Kwa hiyo anayebandika aoshe kila siku, na anayeumwa asisubiri kesho. Mwambieni na binti aliyeko chuoni, maana huenda yeye pia ameambiwa asitie maji.

Tukutane tena mwezi ujao.