WAKUBWA WAMEPATANA, HESABU YA WADI ATAULIZA NANI?



Tarehe 7 Machi 2025, katika jumba la KICC mjini Nairobi, Bw. William Ruto wa UDA na Bw. Raila Odinga wa ODM walitia sahihi mapatano. Watu waliokuwa wakirushiana maneno tangu kura ya Agosti 2022 wakapeana mikono mbele ya kamera. Sisi hatukununa. Mwaka wa 2024 vijana walikuwa wamekufa mabarabarani, na kila mwenye mtoto alitaka utulivu.

Lakini tangu siku ile imeingia lugha mpya Mombasa, nayo ndiyo tunayotaka kuijibu katika karatasi hii. Diwani wa upande wa wachache akifungua kinywa kuuliza habari za fedha, huambiwa: Wewe bado wapigana na nani? Wakubwa wamekwisha patana. Tumeyasikia vibarazani, tumeyasikia vilabuni, na wasemao hivyo husema kwa uso mkavu kama kwamba wametaja aya ya sheria.

Basi na tuanzie kwenye mapatano yenyewe. Yametaja kulinda ugatuzi. Yametaja kupiga vita rushwa. Yametaja kuzuia ufujaji wa mali ya umma. Wapi palipoandikwa kwamba diwani asiulize taa za mtaani zimegharimu shilingi ngapi? Hapakuandikwa. Wanaotumia mapatano hayo kuziba midomo ama hawakuyasoma, ama waliyasoma wakatumaini kuwa sisi hatutayasoma.

Wageni katika mambo haya wafahamu jinsi Mombasa ilivyokuwa. Kura ya ugavana ya 2022 iliahirishwa hapa, ikapigwa tarehe 29 Agosti, na Bw. Abdulswamad Sherif Nassir wa ODM akashinda kwa kura 119,083 dhidi ya 98,105 za Bw. Hassan Omar wa UDA. Hizo 98,105 si kura za vichaka, ni za watu. Chama kilichokuwa upinzani Nairobi kikawa serikali hapa, na chama kilichokuwa serikali Nairobi kikawa upinzani hapa. Twasema kweli, mpango ule ulikuwa na faida yake. Kila upande ulikuwa na sababu ya kumchungulia mwenziwe. Mmoja akila, wa pili husema, ijapokuwa pengine husema kwa wivu. Mlipa kodi hajali kama mlinzi amekesha kwa uchamungu au kwa wivu, mradi mwizi ameonekana.

Sasa pande zote mbili zimekuwa serikali. Walio wengi barazani ni rafiki wa Nairobi, na walio wachache wameambiwa na Nairobi wawe rafiki wa walio wengi. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Nasi twauliza, wanapokumbatiana na kulala, nyasi hizo zasimama wapi?

Tazameni yaliyotokea huko juu. Bw. John Mbadi alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Umma katika Bunge la Taifa, yaani yeye ndiye aliyekuwa akishika kurunzi kuikagua Hazina. Agosti 2024 akafanywa Waziri wa Hazina hiyo hiyo. Bw. Opiyo Wandayi, kiongozi wa wachache bungeni, akapewa Wizara ya Kawi. Bw. Hassan Joho, gavana wetu tangu 2013 hata 2022, akapewa Madini. Hatusemi watu hawa hawafai, huenda wakawa mawaziri hodari kuliko waliowatangulia. Twasema tu kwamba mlinzi amekabidhiwa funguo za ghala, na lindo likaachwa kwa wengine. Nairobi kuna magazeti, kuna mawakili, kuna vijana wenye simu wasiolala. Katika wadi nani aliyebaki? Ni yule diwani mmoja, na karani wa chama cha wafanya kazi mwenye karatasi hizi.

Na kazi ya diwani si hisani ya gavana. Katiba ya 2010, Kifungu cha 185, yampa mamlaka ya kuisimamia serikali ya kaunti, naye si mgeni mwalikwa kwenye karamu ya mtu. Mombasa ina wadi 30, na Mvita peke yake ina tano: Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Tononoka, Majengo, na Shimanzi/Ganjoni. Katika mwaka wa fedha 2022/23 fungu la kaunti hii kutoka Nairobi lilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 7.5, mbali na ada za maegesho, kodi za ardhi, leseni za biashara na ushuru wa masoko tunaoutoa sisi wenyewe kila uchao. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma yataka si chini ya asilimia 30 ya bajeti iende katika maendeleo, na kanuni zake za 2015 zasema mishahara isipite asilimia 35. Mfagiaji wa Marikiti hahitaji kuzijua tarakimu hizi kwa moyo. Lakini mshahara wake ukichelewa, yuko mtu barazani aliyelipwa azijue kwa niaba yake, naye mtu huyo sasa anaambiwa anyamaze kwa ajili ya umoja.

Umoja! Neno hili sisi wafanya kazi twalijua tangu zamani, twajua na bei yake. Mnamo Novemba 1964 KADU, chama cha Bw. Ronald Ngala kilichosimama na Pwani katika jambo la majimbo, kilijivunja na kuingia KANU. Waliambiwa ni kwa ajili ya umoja. Mabunge ya majimbo yakafa, na Bw. Ngala baadaye akapata uwaziri. Mwaka 1965 ikawa zamu yetu: vyama vikuu viwili vya wafanya kazi, KFL na KAWC, vikafutwa kwa amri, ikaundwa COTU moja, na uongozi wake ukawekwa chini ya jicho la serikali. Ni kweli ugomvi wetu wenyewe ulitoa sababu, kwani damu ilimwagika papa hapa Mombasa mwaka ule. Kisha ikaja kura ya mabaraza ya 1968. Wagombea wa KPU wakaambiwa fomu zao zina makosa, karibu wote wakaondolewa, na madiwani wa KANU wakaingia mabarazani bila ya kupingwa. Hata mwaka wa pili haukutimia ila mabaraza ya wilaya yamenyang'anywa shule, zahanati na barabara. Je, nani barazani angepinga? Walikuwa wote chama kimoja, na chama kilikuwa kimekubali.

Sisi wa Mji wa Kale twaamka tukiitazama Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hata 1958. Kuta zile hazikujengwa ili aliye nje asikie yanenwayo ndani. Bunge la kaunti halikukusudiwa liwe hivyo. Kifungu cha 196 chaamuru lifanye shughuli zake kwa uwazi, raia washirikishwe, wala wananchi na waandishi wa habari wasizuiwe kuingia ila kwa sababu nzito. Basi tusikubali likageuka ngome nyingine hatua chache kutoka ile ya mawe.

Tunajua madiwani wengine hunyamaza kwa hofu, nasi hatutawatukana. Anayehesabiwa kuwa amejiuzulu katika chama chake hupoteza kiti. Aliyeteuliwa kwa orodha ya chama ana hofu zaidi, maana hana wadi ya kumtetea. Wenyewe hutwambia kwa sauti ya chini, na wakiisha kutwambia hutazama nyuma. Lakini kuuliza swali juu ya bajeti si kuhama chama. Hakuna sheria iliyosema hivyo, na kiongozi wa chama anayemtisha diwani kwa swali amtisha kwa kitu ambacho hana.

Wako wanaotwambia: tulieni, urafiki na Nairobi utaleta maendeleo. Pengine utaleta. Siku alipoapishwa, tarehe 13 Septemba 2022, Bw. Ruto alitangaza kwamba shughuli za kuondosha mizigo zitarudi bandarini Mombasa, jambo ambalo wapakizi, madereva na makarani walikuwa wamelipigia kelele miaka mingi. Wakati ule Mombasa haikuwa imefanya urafiki wowote, ilikuwa imempa ushindi mpinzani wake wiki mbili tu kabla. Kilicholeta tangazo lile ni kelele.

Na kelele yetu ina mizizi. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa mji huu waliweka kazi chini, watu kiasi cha 15,000. Hawakuwa na diwani hata mmoja waliyemchagua. Walikutana uwanjani, wakauita Kiwanja cha Maskini, na Chege Kibachia akawa sauti yao hata serikali ikamkamata mwaka ule ule na kumpeleka mbali. Lakini Mahakama ya Thacker iliundwa, na mishahara ikapanda. Wale walipata kwa kukaa chini juani bila ya kiti barazani. Leo tuna viti 30.

Basi twataka mambo haya, tena mwaka huu. Makadirio ya bajeti sharti yafike barazani kabla ya tarehe 30 Aprili. Kila tawi lipeleke watu wawili wakae pale wasikilize, wakiwa na kalamu. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo ya mwaka. Makarani wa chama watazisoma kwa Kiswahili katika mikutano ya matawi, ukurasa wa Mombasa na ukurasa wa madeni yasiyolipwa. Kila diwani wa kisiwa, awe wa wengi au wa wachache, atapelekewa barua moja yenye swali moja: ni mradi gani wa wadi yako uliolipiwa na haujaonekana? Majibu tutayapiga chapa humu kama yalivyoletwa, na asiyejibu tutaliacha pengo jeupe chini ya jina la wadi yake.

Walio zamu ya usiku bandarini na hospitalini wampe mwakilishi wao wa tawi maswali kabla ya Ijumaa, maana mashine yetu ya kupigia chapa ni moja na wino ni haba.