NJITI ZITOKE KWENYE SOKETI!

Ndugu wanachama,

Tumechoka kukuta njiti za kiberiti kwenye soketi za ghala la ushirika! Soketi zetu ni za Kiingereza, kiwango cha mwaka 1947. Mguu mrefu wa plagi ndio unaofungua matundu, na ndio unaopeleka ardhini umeme uliovuja.

Plagi ya Ujerumani ina miguu miwili ya mviringo, erthi iko ubavuni. Kwao ni salama, soketi yao inaipokea. Hapa unachokonoa njiti, pasi inapata moto kweli, lakini erthi hakuna! Ikivuja, mkono wako ndio waya.

Na wenye vyombo vya Marekani vya volti 120? Hapa ni 230, kitaungua tu.

Muuza pasi abadilishe plagi kwanza, ndipo alipwe. Njiti tunazing'oa Jumamosi.

Katibu