Yaliyopita Ni Ndwele

Kila Desemba inapokaribia kwisha, nasaha moja hutembezwa majumbani, maofisini na hata katika nyumba za ibada, kwa sauti ya upole isiyotaka kujibiwa: kwamba mwungwana huufunga mwaka kwa kuyatazama mema yaliyomfika, huyafumbia macho mabaya, hujiandikia maazimio ya mwaka ujao, kisha hulala usingizi wa raha akiamini kuwa asubuhi ya tarehe 1 Januari ataamka mtu mwingine. Athubutuye kutaja hasara huambiwa kuwa ana nuksi, na akishikilia neno lake hunyamazishwa kwa methali ambayo watu wameizoea hata hawaipimi tena, ya kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Muradi wangu leo ni kuipinga nasaha hiyo, na kuyapinga matumizi hayo ya methali, maana naona kuwa ni hadaa, tena ni hadaa yenye kuunufaisha upande mmoja tu.

Na tuuanze upande huo. Sijamsikia bado mdai akisema kuwa yaliyopita si ndwele. Maneno hayo huyasema mdaiwa. Mwajiri aliyechelewesha mishahara ya watu ndiye asimamaye katika hafla ya kufunga mwaka, kanzu imenyooka na sauti imelainika, akawaomba wafanyakazi wake watazame mbele. Mume aliyeuza shamba bila ya kumshauri mkewe ndiye ahimizaye amani ya nyumba. Na mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, ambaye daftari lake halisomeki, ndiye wa kwanza kutoa shauri kwamba wanachama wachange wanunue daftari jipya. Wote hao husema kwa lugha ya matumaini, na matumaini ni kitu chema, lakini hapa yamekodiwa kufanya kazi ya pazia. Aliyeonewa akikubali kuyatazama mazuri peke yake, anamwachilia aliyemwonea bila ya kuombwa radhi, na mwaka unaofuata dhuluma ile ile humrudia, safari hii ikiwa na mazoea.

Nitaambiwa kuwa naibeza shukrani. Hasha! Shukrani ni haki ya Mwenyezi Mungu kila siku, wala haihitaji kungoja mwisho wa mwaka. Ila shukrani ni ibada na hesabu ni hesabu, na mtu aweza kumshukuru Mola wake kwa uzima na riziki saa ile ile anapomdai jirani yake gunia la mpunga, bila ya dua yake kupungua thawabu hata chembe. Ubaya umo katika kuitumia ile ya kwanza ili kuifuta hii ya pili. Kwa mama aliyezika mwana katika mwaka huo, au kwa kijana aliyeachishwa kazi, kuamrishwa ataje mambo mazuri ya mwaka mbele ya halaiki ya watu ni ukatili uliovikwa nguo ya ucha Mungu, na nimeona watu wakijikamua kutafuta la kusema, macho yamewaiva, ili wasionekane makafiri wa neema.

Wazee wetu waliosoma vyuoni hawakuwa wageni wa kuihasibu nafsi, wala hawakungoja Desemba. Harith al-Muhasibi, aliyezaliwa Basra na kufia Baghdad mwaka 857, alipata lakabu yake kwa ukali wa hesabu aliyoitoza nafsi yake mwenyewe; na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka katika Ihya Ulum al-Din kitabu kizima juu ya jambo hilo, akaifananisha nafsi na mshirika wa biashara aliyekabidhiwa rasilmali ya mwenziwe. Asubuhi mwenye mali humwekea mshirika wake masharti, mchana humchunga, jioni huketi naye kutazama faida na hasara, na khiana ikibainika humtia adabu na kumlaumu. Katika utaratibu wote huo, ambao umeelezwa kwa urefu na kwa subira ya ajabu, hapana mahali ambapo mwenye mali huambiwa ahesabu faida peke yake ili moyo wake uburudike. Mfanya biashara afanyaye hivyo hufilisika, na hufilisika akitabasamu.

Ama wale wanaodai kuwa kuyataja maudhi ya mwaka wakati mwaka unapogeuka ni desturi ya watu wasio na adabu, nawaalika Makunduchi, kusini mwa Unguja, katika mwezi wa Julai. Mwaka wa huko ni mwaka wa jua, mwaka wa Nairuzi, ambao asili yake ni Uajemi, wenye siku 365 bila ya nyongeza ile inayoongezwa Februari, na kwa hivyo hurudi nyuma siku moja kwa kila miaka minne. Manahodha na wakulima waliuhesabu kwa makumi ya siku, yaani miongo, wakajua kwa hesabu hiyo lini upepo utageuka na lini jembe lishikwe. Mwaka huo haukaribishwi kwa maneno matamu. Wanaume wa upande mmoja wa mji hukutana uwanjani na wanaume wa upande wa pili, wakapigana kwa mabua ya migomba mpaka kinyongo cha mwaka mzima kiwatoke. Wanawake huzunguka wakiimba nyimbo ambazo hazijulikani kwa kufichaficha mambo. Kibanda cha makuti huchomwa moto na mtu akiwa ndani, naye huchomoka akakimbia. Baada ya hapo ndipo watu hula na kufurahi, na kila nyumba hutamani kupata mgeni, kwa kuwa kukosa mgeni siku ile huhesabiwa kuwa ni mkosi. Mpango wenyewe ni huo: kwanza kipigo, kisha pilau. Sisemi kwamba ofisi zetu ziagize migomba, ingawa zipo nizijuazo ambazo zingefaidika nayo; nasema tu kwamba waliotutangulia walielewa kuwa suluhu haiji mpaka ugomvi upewe nafasi ya kuonekana.

Na hiyo tarehe 1 Januari, inayopewa taadhima kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni, ni tarehe ya utawala tu. Makonsuli wa Roma walianza kushika kazi zao siku hiyo mwaka 153 kabla ya Kristo, na Waingereza, ambao baadaye walituletea kalenda yao ofisini na shuleni, walihesabu mwanzo wa mwaka kuwa ni 25 Machi hata mwaka 1752. Kwa mkulima wa Songea au Mbinga, Januari humkuta katikati ya palizi, mahindi hayajabeba, deni la mbolea halijalipwa, na karo za watoto zinamngoja. Faida na hasara yake ataijua baada ya mavuno, wakati uleule ambapo Serikali nayo hufunga vitabu vyake, tarehe 30 Juni. Kumtaka aueleze mwaka wake sasa ni kumtaka abuni.

Tukitaka mfano wa hesabu iliyofanywa kwa insafu, hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, na TANU na ASP zilipoungana kuwa CCM, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa na kila sababu ya kupiga ngoma. Badala yake alitoa tathmini ambayo ndani yake alikiri waziwazi kuwa Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala haijawa nchi ya kujitegemea. Mafanikio aliyataja, na yalikuwapo, lakini hakuyaruhusu yakae mbele ya makosa na kuyaziba. Mtu aweza kubishana na siasa yake yote kutoka mwanzo hadi mwisho, na wengi wamebishana nayo, ila hataweza kusema kuwa alifunga muongo ule kwa kuficha daftari.

Ulinganishe ukweli huo na safari ya kuhamia Dodoma. Azimio lilipitishwa mwaka 1973, kwa makadirio ya miaka kumi. Waziri Mkuu alihamia huko mwaka 2016, na sheria ya kuutangaza mji huo kuwa makao makuu ikapitishwa mwaka 2018. Vita vya Kagera na uhaba wa fedha vilikuwa na sehemu yao katika kuchelewa huko, na si haki kuvisahau. Lakini nia haikukosekana hata siku moja, wala hotuba hazikukosekana. Na ndiyo maana mimi siogopi mtu asiyekuwa na maazimio kama nimwogopavyo yule ambaye kila mwaka ana maazimio mapya na hakumbuki ya zamani yalikwamia wapi.

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wamelitazama jambo hili. Gabriele Oettingen, mtaalamu wa Kijerumani, pamoja na mwenzake, walifuatilia wanafunzi waliomaliza chuo kikuu na kutafuta kazi, wakaona kuwa wale waliozoea kujipigia taswira tamu za mafanikio yajayo walipeleka maombi machache zaidi, wakapata kazi chache zaidi na mishahara midogo zaidi. Waliofaulu ni wale ambao tumaini lao lilitokana na yale waliyokwisha kuyafanya na kuyapima. Hapa ndipo nasaha ya Desemba inapojikata miguu yenyewe, kwani hututaka tupange yajayo baada ya kutunyang'anya kitu pekee ambacho yajayo yaweza kupimwa nacho. Aliyeazimia mwaka jana kuweka akiba na asiweke, akiazimia tena mwaka huu bila ya kuuliza fedha zilikwenda wapi, hakuazimia chochote, ametamani tu. Jibu huenda likawa ni harusi za nduguze, au ni ugonjwa, au ni ulevi, na kila moja lina dawa yake mbali.

Wapo pia wanaohesabu hasara peke yake, wakajitesa, na hao nao daftari lao ni la uongo. Lakini ni wachache, wala hapana mtu awaandaliaye hafla.

Basi kwa kuwa hafla hazitakoma, natoa ombi moja kwa waandaaji wake wote, wa ofisini, wa kikundini na wa nyumbani: kabla ya mgeni rasmi kukaribishwa na kabla ya maazimio mapya kuandikwa, zisomwe ahadi za mwaka uliopita moja baada ya moja, mbele ya watu walioahidiwa, na kila aliyeahidi asimame aseme alitimiza au hakutimiza, na kwa sababu gani. Wali na soda vinaweza kungoja.