Kabla ya kununua mashine ya kupima moyo



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu michango ya MUSO, mama mmoja wa kikundi chetu anayeuza ndagala alibaki nyuma. Alituambia kwamba tangu miezi michache moyo wake unaruka. Unapiga mbio, unasita, kisha unapiga tena bila mpango. Mara unamshika akitoka ziwani na beseni kichwani, mara usiku akiwa amelala. Akifika kwa muganga, moyo umekwisha kutulia na muganga haoni kitu. Mtoto wake aliye Marekani anamuuliza kama amtumie saa inayopima moyo. Wenzake wanasema tutoe pesa ya kasha jekundu tununue mashine moja ya wote. Afuate shauri gani?

Tunajibu hapa kwa sababu si yeye peke yake anayesumbuka hivyo.

Moyo kuruka mara moja moja, baada ya hofu, uchovu ama kahawa nyingi, mara nyingi si ugonjwa. Lakini kuna aina moja ya kuogopa, ambayo waganga wanaiita fibrilasio. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma damu vizuri. Damu inatuama ndani yake na inaweza kuganda. Donge likipanda kwenye ubongo, mtu anapata kiharusi, anapooza upande mmoja. Mwenye fibrilasio yuko katika hatari ya kiharusi karibu mara 5 kuliko asiye nayo. Dawa za kuzuia damu kuganda zipo, lakini muganga hawezi kuzitoa mpaka ugonjwa uonekane. Hiyo ndiyo kazi ya kifaa cha nyumbani: kuukamata moyo saa ile unaporuka.

Tusidhani ni ugonjwa wa wazee tu. Tansio inauleta. Pia mtoto aliyeumwa koo mara kwa mara bila kutibiwa anaweza kuharibika vali za moyo, na akakua bila kujua. Wengine wanagundua wakiwa na mimba, pumzi inapokata kuliko kawaida. Mama wa namna hiyo asingoje mashine yoyote. Aende aonwe.

Sasa vifaa, tukianza na kile ambacho kila mmoja wetu anacho.

Vidole vyako. Keti utulie dakika 5. Geuza kiganja juu, weka vidole vitatu chini ya kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono. Usipimie kwa kidole gumba, kwa maana kina mapigo yake. Hesabu dakika 1 nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha mara 4, moyo unaoruka utakudanganya. Mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100. Sikiliza pia mwendo: je, unalingana kama mtu anayetwanga, ama unakwenda ovyo?

Mashine ya tansio ya kufunga mkononi. Chagua ile inayofungwa juu ya kiwiko. Ya kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi. Nyingi za kisasa zinaonyesha alama ya moyo mdogo zikikuta mapigo yasiyolingana. Alama hiyo si hukumu, inaweza kutokea hata ukisogea ama ukizungumza. Pumzika, pima mara 3, dakika 1 kati ya kipimo na kipimo. Zipo pia zilizotengenezwa hasa kutafuta fibrilasio. Mwaka 2013 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilipendekeza moja, WatchBP Home A ya kampuni ya Microlife. Faida ya mashine hizi kwetu ni kwamba nyingi zinatumia mawe ya tochi, hazihitaji intaneti, zinatumikia kikundi kizima, na zinapima pia tansio yenyewe.

Kibao cha kugusa kwa vidole, kama KardiaMobile. Unaweka vidole vya mikono yote miwili kwa sekunde 30, na simu inachora mstari wa mapigo ambao unaweza kumtumia muganga. Ni kizuri kwa moyo unaoruka na kutulia, kwa sababu unabaki na ushahidi. Lakini kinataka simu ya kisasa inayokubaliana nacho, na mtu wa kuusoma mstari ule. Tena hakiwezi kukuambia kama maumivu ya kifua ni shambulio la moyo.

Saa. Apple Watch inachora mstari wa moyo tangu mwaka 2018, lakini inataka iPhone, inataka kuchajiwa kila siku, na huduma hiyo haikufunguliwa katika kila nchi. Umeme ukikatika siku mbili, inabaki bangili. Saa za bei ndogo za sokoni nyingi zinawasha taa chini na kutoa namba tu. Usiweke maisha yako juu ya namba ile. Hata kile kibano cha kidole tulichokijua wakati wa Korona kinapima oksijeni na kuhesabu mapigo, hakikuambii ni ugonjwa gani.

Ukinunua, hapa Uvira, Bukavu ama Bujumbura, fungua boksi mbele ya muuzaji. Jipime palepale. Angalia kama kitambaa kinatosha mkono wako, maana kikibana sana mkono mnene, tansio inaonekana juu kuliko ilivyo. Uliza mawe yake ni ya aina gani. Kisha siku moja ipeleke kwenye kituo cha afya, muuguzi alinganishe na ya kwake.

Basi tulimjibu nini mwenzetu? Mtoto asitume saa. Atume mashine ya tansio ya juu ya kiwiko yenye alama ya mapigo. Mama afungue kaye, na kila moyo unaporuka aandike tarehe, saa, namba, muda uliochukua, na alichokuwa anafanya. Binti yake anayejua kusoma vizuri amsaidie. Kaye hiyo aipeleke kwa muganga.

Na pesa ya kasha jekundu tumekubaliana isinunue mashine ya pili. Ibaki kwa ajili ya safari na malipo ya elektrokardiogramu, ile mashine ya hospitali yenye nyaya kifuani na miguuni, maana bila hiyo muganga hana hakika. Kikundi kinachomaliza pesa yote kwenye kifaa kitajua kwamba mwenzao ni mgonjwa, na hakitakuwa na kitu cha kumpeleka. Kabla ya safari, ulizeni kwanza ni hospitali gani ina mashine hiyo na inafanya kazi.

Neno la mwisho. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, maneno yakipotea, kifua kikibana, pumzi ikikata ama mtu akizimia, msitafute mashine wala kaye. Tafuteni moto ama gari, mpelekeni hospitali saa ileile.

Mkutano ujao kila mmoja aje na saa yenye mshale wa sekunde, ama simu yenye kuhesabu. Tutafundishana kupima kwa vidole, na anayejua tayari amshike mkono asiyejua.