Kifaranga wa sato hatambuliwi kwa macho: dai historia yake kabla ya kulipa



Leo nazungumzia neno moja linalouza sana huku kwetu: chotara. Kuku chotara, ng'ombe chotara, mahindi chotara. Mkulima akilisikia anajua ni mbegu bora. Sasa neno hili limeingia kwenye ndoo za vifaranga wa samaki. Muuzaji anakwambia, "Hawa ni sato chotara, wanakua haraka," nawe unahesabu pesa. Maoni yangu ni haya: usinunue kifaranga kwa sababu ya jina wala kwa sababu ya sura. Nunua kwa historia. Kama hana historia, mwache.

Chotara wa kweli ana baba na mama wanaojulikana. Mwaka 1960 mtafiti C. F. Hickling alichapisha matokeo ya kazi yake ya Malacca, katika nchi ambayo leo ni Malaysia. Alionyesha kwamba dume wa perege aliyetoka Zanzibar akipandishwa kwa jike wa perege wa Msumbiji, vifaranga wanatoka karibu wote madume. Ukigeuza, jike akawa wa Zanzibar na dume wa Msumbiji, majike wanatokea pia. Samaki ni wale wale wawili, ila matokeo ni tofauti. Ukimwangalia kifaranga, huwezi kujua katoka upande upi. Anayejua ni yule aliyewapandisha na kuandika.

Chotara wa bahati mbaya ni mwingine kabisa. Huyu ametoka kwenye bwawa ambalo sato, ngege na perege wengine wameachwa pamoja, wakazaana wenyewe mwaka hadi mwaka. Ni kama kuvuna mahindi chotara halafu ukatunza punje za kupanda tena. Msimu unaofuata shamba linatoa marefu na mafupi, na huna wa kumlaumu.

Kwa nini macho yanadanganya

Wavuvi wa Mwigobero watakwambia wanawajua samaki wao, na kwa samaki mkubwa asiyechanganyika ni kweli. Sato ana mistari ya wima iliyopangika vizuri kwenye mkia. Ngege hana mistari hiyo. Mbiru dume ana rangi ya machungwa pembezoni mwa mapezi. Shida inaanza wanapochanganyika. Mistari inafifia au inakatika, na mwingine anachukua sura ya sato moja kwa moja. Chotara huyo akizaa tena na sato, wajukuu wanafanana na sato kiasi kwamba hata mtaalamu akiwa na kitabu mkononi anaweza kukosea. Tena hapo nazungumzia samaki mkubwa. Kifaranga wa gramu mbili ndani ya ndoo hakuonyeshi chochote.

Sato si mwenyeji wa ziwa letu. Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, pamoja na perege wengine wa kigeni. Wenyeji ni ngege na mbiru. Ngege ndiye aliyekuwa samaki mkuu wa chakula ziwani; Michael Graham alipompa jina la kisayansi mwaka 1928, alichagua neno la Kilatini lenye maana ya "anayelika". Leo ngege amebaki zaidi kwenye maziwa madogo na mabwawa ya pembeni. Hata huko hatuna uhakika kwa kuangalia tu. Kwenye ziwa dogo la Kanyaboli, upande wa Kenya, watafiti walipopima vinasaba walikuta dalili za damu ya sato ndani ya ngege. Maabara ndiyo iliyogundua jambo hilo, na wewe huna maabara kando ya bwawa lako.

Jifunze kwa wanaofuga samaki wa mapambo

Kuna watu Ulaya na Marekani wanaofuga furu wa ziwa letu ndani ya vioo nyumbani, kwa ajili ya kuwatazama. Mmoja wa furu wanaopendwa sana ana jina la Mwalimu wetu wa Butiama: Pundamilia nyererei. Alipewa jina hilo la nyererei mwaka 1985. Dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye michirizi myeusi. Jike ni wa kijivu au kahawia tu, na majike wa aina nyingi za furu wanafanana mno.

Ziwani, jike humchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba maji yakichafuka rangi hazionekani vizuri, na aina zilizokuwa zimejitenga zinaanza kuchanganyika. Ndani ya vioo hali ni hiyo hiyo: jike asipopata dume wa aina yake huzaa na aliyepo. Watoto wanatoka wazuri, wanauzwa, na baada ya vizazi vichache hakuna anayejua nani ni nani.

Wafugaji makini wa samaki hao hawasuluhishi jambo hili kwa kukodoa macho. Kwanza, hawaweki pamoja aina mbili ambazo majike wake wanafanana. Pili, wanaandika mahali samaki alikovuliwa, kwa mfano kisiwa cha Makobe, na maandishi hayo yanamfuata samaki kila anapouzwa. Asiye na maandishi anahesabiwa kuwa ni mchanganyiko, hata awe mzuri namna gani. Ikiwa mtu anayefuga samaki wa kutazama anafanya hivyo, wewe uliyeweka ada ya mtoto kwenye bwawa unashindwaje?

Hasara yako iko wapi

Vifaranga waliochanganyika hawakui kwa pamoja. Wengine wanafika uzito wa kuuza, wengine wanabaki kama kiganja huku wanakula chakula kile kile. Majike wakiwa wengi wanaanza kuzaa mapema, bwawa linajaa watoto, na chakula ulichonunua kwa miezi sita au minane kinaishia kwa samaki wasio na soko. Lakini tuwe wakweli: samaki wanadumaa pia kwa chakula duni, msongamano na maji mabaya. Kwa hiyo samaki kudumaa peke yake si ushahidi kwamba umeuziwa mchanganyiko. Usipokuwa na kumbukumbu, huwezi kujua ulipoteza kwa mbegu au kwa matunzo, na utarudia kosa lile lile.

Fanya hivi

1. Muulize muuzaji: wazazi wametoka wapi, ni aina gani, na wanafugwa bwawa gani? Akijibu "ziwani" au "kwa jamaa mmoja", ondoka.
2. Akisema ni madume watupu, muulize wamepatikanaje. Kama ni kwa homoni, walipaswa kulishwa chakula chenye homoni tangu wadogo kabisa, kwa wiki tatu hadi nne. Aliyefanya kazi hiyo anaweza kukueleza siku kwa siku.
3. Dai risiti yenye tarehe, idadi, aina na chanzo. Itunze.
4. Usichanganye vifaranga wa wauzaji wawili kwenye bwawa moja.
5. Kila mwezi vua samaki 30, wapime uzito, andika daftarini. Tofauti ikiwa kubwa mapema, utajua mapema.
6. Usitoe mbegu ya kuuza kwenye bwawa la samaki wa kula.

Kwako mfanyabiashara wa Bunda au Kiabakari: maandishi haya si adui wa biashara yako. Ukiwa wa kwanza sokoni kutoa karatasi ya kweli, wateja watakufuata wewe, na una haki ya kuuza ghali kidogo kuliko mwenye ndoo isiyo na jina.

Jambo la mwisho nalisema kwa msisitizo. Usimwage vifaranga wala samaki waliobaki kwenye lambo la kijiji, mto, au vidimbwi vya Kirumi kwenye maeneo oevu ya Mto Mara. Maji ya namna hiyo ya pembeni ndiyo kimbilio la samaki wetu wa asili. Sato wachache wakiingia na kuzaa na ngege, hakuna wavu utakaowatenganisha tena. Ukitaka kupandikiza samaki kwenye lambo, anza na ofisi ya uvuvi ya halmashauri yako.

Wengi mnanipigia simu mkisema, "Afisa, njoo uniangalizie kama hawa ni sato halisi." Nitakuja kuangalia bwawa, maji na chakula. Lakini kuhusu vifaranga, nikifika nitaanza kwa kuomba karatasi yao.